Reli ya Bustanini: Milimita 45 za Geji ya Mita

Zidisha 45 kwa 22.5. Jibu ni 1,012.5, na kwa mtu aliyekulia kando ya Reli ya Kati au ile ya zamani ya Mombasa, jibu hilo linatosha kumsimamisha. Milimita 45 ndiyo nafasi kati ya vyuma viwili vya reli ndogo inayotandikwa bustanini. Kila kitu kwenye reli hiyo kimepunguzwa mara 22.5. Kirudishe kwenye ukubwa wake na utapata mita moja, na milimita chache za ziada zisizomkosesha mtu usingizi. Treni ile inayopita chini ya majani ya mgomba au ya mwaloni ni treni ya geji ya mita, geji ileile ya Dar es Salaam hadi Kigoma, Tanga hadi Arusha, Mombasa hadi Kampala.

Ndiyo maana inanikera kuona watu wazima wakiisogelea, wakitabasamu, kisha wakiwaachia watoto kana kwamba wao haiwahusu. Vipimo hivi havikuokotwa. Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Nürnberg, Ujerumani, ilianza kuuza treni za bustanini kwa jina la LGB, na iliiga treni za milimani za Ulaya ya Kati, ambazo nyingi hupita kwenye geji ya mita. Wajerumani haohao ndio walioitandika geji hiyo kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1905 na 1914. Na kuna jambo jingine tamu zaidi: ukiweka juu ya reli hiyohiyo treni iliyopunguzwa mara 32 badala ya 22.5, hesabu inatoa milimita 1,440, karibu sawa kabisa na 1,435 za reli ya kisasa, SGR. Kwa hiyo vyuma viwili vilevile vinaweza kubeba treni ya zamani na treni mpya, moja nyuma ya nyingine. Huku kwetu mizigo ikitoka geji moja kwenda nyingine hupakuliwa na kupakiwa upya, kama inavyofanyika Kidatu, ambako reli ya TAZARA ya milimita 1,067 hukutana na ile ya mita.

Mahali pazuri pa kuiona reli ya namna hii ni Morris Arboretum, bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, katika kitongoji cha Chestnut Hill kaskazini-magharibi mwa Philadelphia, Marekani. Reli yake ilifunguliwa mwaka 1998. Ina njia za takriban robo maili, kama mita 400, zinazopishana, kupanda madaraja, kuingia kwenye mahandaki na kutokea nyuma ya vichaka. Zipo reli za bustani nyingine duniani, na baadhi ni kubwa kuliko hii. Hii naipenda kwa sababu ya mji iliyomo.

Philadelphia ndiko kilikokuwa kiwanda cha Baldwin, kilichotengeneza vichwa vya treni zaidi ya 70,000 kabla ya kufunga kazi hiyo katika miaka ya 1950. Matthias Baldwin alikuwa fundi wa vito kabla ya kugeukia mashine. Mwaka 1831 aliombwa atengeneze kichwa kidogo cha maonyesho kwa ajili ya jumba la makumbusho la mji huo, akakitengeneza, nacho kikavuta vibehewa viwili vyenye watu wachache mbele ya wageni. Mwaka uliofuata alitoa kichwa kikubwa, Old Ironsides, kwa ajili ya reli ya kwenda Germantown, jirani na Chestnut Hill. Wanaodhani treni ndogo ni kivuli cha treni kubwa waangalie tarehe hizo: hapa ndogo ilitangulia. Na mnamo 1899 na 1900, wakati reli ya Mombasa ilipokuwa imefika Nairobi na kuanza kuteremka Bonde la Ufa, vichwa zaidi ya 30 vya reli hiyo, iliyoitwa Reli ya Uganda, vilitoka katika kiwanda hichohicho cha Baldwin, vikiwa na geji ya mita.

Sasa tuje kwenye kona, maana hapo ndipo reli ya bustani inapomfundisha mtu jambo ambalo treni kubwa inalificha.

Gari lina difu. Likikata kona, gurudumu la nje huzunguka haraka kuliko la ndani, kwa kuwa lina safari ndefu zaidi. Treni haina difu. Magurudumu mawili yamekazwa kwenye ekseli moja ya chuma. Likizunguka moja, na jingine linazunguka vilevile, kwa kasi ileile. Hata hivyo chuma cha nje cha kona ni kirefu kuliko cha ndani. Katika mduara mzima wa reli ya milimita 45, tofauti ni sentimita 28, na tofauti hiyo haibadiliki hata kidogo uwe mduara wa kuzunguka chungu cha maua au wa kuzunguka uwanja wa mpira. Inategemea upana wa geji peke yake. Kwenye geji ya mita ni zaidi ya mita 6. Karibu na Mazeras, ambako reli ya zamani ya Mombasa inajizungusha na kupita juu yake yenyewe, kila ekseli ya kila behewa ililazimika kuzimaliza mita hizo 6 kwa namna fulani.

Namna yenyewe imo kwenye umbo la gurudumu. Uso wa gurudumu la treni si bapa. Umeinama kidogo: upande wa ndani, kwenye ukingo, ni mnene, na upande wa nje ni mwembamba. Chukua vikombe viwili vya karatasi, vibandike mdomo kwa mdomo kwa gundi, uviachie vibingirike juu ya fimbo mbili ndefu zilizolazwa sambamba kwenye mteremko. Vitayumba kidogo kisha vitajirudisha katikati, na hata ukizipinda fimbo kidogo vitafuata. Vibandike kitako kwa kitako, vitaanguka mara moja. Ekseli ya treni ni vile vikombe vya kwanza. Ikiingia kwenye kona inasukumwa nje. Gurudumu la nje linakanyaga reli kwa sehemu yake nene, la ndani kwa sehemu yake nyembamba. Kila mzunguko mmoja unalipeleka la nje mbali zaidi kuliko la ndani, na ekseli inajigeuza yenyewe. Ule ukingo unaoonekana kama ndio unaoizuia treni isianguke ni mlinzi wa dharura tu. Siku njema hauigusi reli.

Bustanini, siku nyingi, unaigusa. Kona kali kuliko zote zinazouzwa na LGB ina nusu kipenyo cha sentimita 60. Ikuze mara 22.5 na utapata mita 13.5, kona ambayo mhandisi yeyote wa reli ya mita angeikataa. Ili kuikata bila kuteleza, gurudumu la nje lingehitaji kuwa nene kuliko la ndani kwa asilimia 7 na nusu, na mwinamo wa uso wa gurudumu hauwezi kutoa tofauti kubwa hivyo. Hivyo gurudumu linateleza, ukingo unasaga chuma, na unasikia ule mlio mkali wa kukwaruza. Gurudumu la behewa lenye kipenyo cha milimita 30 hivi linapoteza karibu mizunguko mitatu mizima katika kila duara. Wajenzi wanaojua kazi hutandika kona pana mno kuliko nafasi inavyoonekana kuruhusu, wakakubali kuwa na njia chache zaidi, na treni yao hupita kimya.

Tatizo hilohilo ndilo lililoipa Afrika Mashariki mashine zake kubwa kuliko zote. Kichwa kirefu chenye nguvu hakiwezi kupinda kwenye kona za milimani, kwa hiyo Beyer Peacock wa Manchester walikigawa. Katika muundo wa Garratt, boila linaning'inia katikati, na kila upande kuna seti yake ya magurudumu na silinda, kila seti ikikata kona kivyake. Vichwa 34 vya daraja la 59, vilivyoingia kazini katikati ya miaka ya 1950, vilikuwa na uzito wa tani 252 kila kimoja, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Viwili vipo kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Ukikipunguza kimojawapo mara 22.5, urefu wake unakuwa kama mita 1.4, lakini uzito unagawanywa kwa 22.5 mara tatu, kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, hadi kilo 22. Mtoto wa darasa la saba angeelewa mchemraba ni nini akikisogeza kichwa hicho kwa mikono yake. Sijui njia bora ya kumfundisha.

Reli yenyewe mara nyingi hutengenezwa kwa shaba ya njano badala ya chuma cha pua au cha kawaida, kwa sababu umeme wa treni unapita humohumo relini, volti 24 au chini yake. Mvua haiudhuru; kwa volti chache hivyo maji ya mvua hayapitishi umeme wa kutosha kuleta shoti. Adui ni majani. Yakisagwa na magurudumu yanaacha utando mweusi unaoteleza na kuzuia umeme, hivyo kila asubuhi mtu hupita akisugua njia nzima. Treni za abiria za Philadelphia nazo huchelewa kila vuli kwa utando huohuo, na wahandisi huosha reli kwa maji ya shinikizo kubwa.

Kando ya njia pale Morris Arboretum pamejengwa majengo maarufu, na yote yametokana na mimea: kuta za magome, nguzo za vijiti, vigae vya magamba ya koni za msonobari, kuba za vikombe vya mbegu za mwaloni. Aliyeyabuni, Paul Busse, alikuwa msanifu wa mandhari, na karakana yake ndiyo iliyojenga pia onyesho la kila msimu wa Krismasi katika Bustani ya Mimea ya New York tangu 1992. Katika onyesho hilo kuna Pennsylvania Station ya New York, stesheni yenye nguzo za mawe ambayo wenyewe walianza kuibomoa mwaka 1963. Ile ya mawe haipo tena. Ya magome ipo, na watu hupanga foleni kuiona.

Hapo ndipo ninapoumia. Sisi tuna stesheni za Tabora, Kigoma na Tanga, tuna madaraja na vibanda vya ishara, na tumezoea kuviona kama chuma chakavu kinachosubiri mnunuzi. Wizi wa vyuma vya miundombinu ulifikia kiasi cha Kenya kusimamisha biashara nzima ya chuma chakavu Januari 2022. Vichwa vya Nairobi vimesimama nje, jua na mvua vikiwa juu yao. Wakati huohuo tunachoma vifuu, makumbi, magome ya mwarobaini na maganda ya mabuyu kila jioni, vitu ambavyo fundi wa vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, angevigeuza stesheni ya Kigoma kamili na saa yake katika wiki chache. Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam iko hatua chache kutoka Makumbusho ya Taifa. Nafasi ya duara moja pana haikosekani. Gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na kinachopotea tukiendelea kusubiri, na mafundi wastaafu wa reli ambao wangeweza kueleza kila bolti bado wapo, ingawa wanapungua.

Atakayefika Philadelphia aende Morris Arboretum kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa vuli, au msimu wa Krismasi ambapo reli huwashwa taa. Mlemle bustanini asiikose nyumba ya kioo ya makangaga, iliyojengwa mwaka 1899, wala njia ya juu inayopita kwenye vilele vya miti. Bonde la Wissahickon liko jirani kwa wanaopenda kutembea. Mjini kuna Franklin Institute, ambako kimewekwa kichwa cha Baldwin namba 60000 cha mwaka 1926. Reading Terminal Market, soko lililo chini ya stesheni ya zamani, kwa chakula cha mchana. Na kwa mwenye siku nzima ya ziada, Strasburg, magharibi mwa mji, kwenye mashamba ya jamii ya Kikristo ya Waamishi, ambako kichwa cha mvuke namba 90, kazi ya Baldwin ya mwaka 1924, bado kinavuta abiria.