Kuotesha Okidi kwa Mbegu Ndani ya Chupa: Mambo ya Kupimwa Kabla ya Chama Kutoa Fedha

Chama cha ushirika kinachokusudia kuanzisha bustani ya okidi huelekea kuuliza kwanza bei ya mbegu. Swali hilo halina uzito, kwani mbegu ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika kazi hii. Tunda moja la okidi laweza kuwa na mbegu maelfu kwa maelfu, na katika aina nyingine hupita milioni moja. Kinachogharimu ni usafi na muda. Chama kisichoweza kuvilipia viwili hivyo kitazika fedha za wanachama hata kama mbegu kimepewa bure.

Mbegu ya okidi haifanani na ya mahindi wala ya maharage. Punje ya hindi hubeba akiba yake ya chakula, nayo humtosha mche hadi utoe majani. Mbegu ya okidi ni kama vumbi: kiini kidogo mno kilichofunikwa ganda jepesi, bila akiba yoyote. Porini kiini hicho hungoja kuvu wa aina maalumu aingie ndani yake na kukilisha. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1899 na Mfaransa Noël Bernard, alipoona nyuzi za kuvu ndani ya miche michanga ya okidi ya msituni. Hadi wakati huo wakulima wa Ulaya walikuwa wakimwaga mbegu kuzunguka mmea mama na kungoja bahati. Mwaka 1922 Lewis Knudson, wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alionyesha kwamba mche waweza kukua bila kuvu iwapo utapewa sukari na chumvichumvi zinazohitajika.

Hapo ndipo penye faida na penye hatari. Sukari inayoulisha mche huulisha pia ukungu na bakteria, navyo hukua upesi kuliko okidi mara nyingi. Chembe moja ya ukungu iliyoingia na hewa yaweza kuifunika chupa nzima kwa siku chache, wakati mbegu hazijaanza hata kuvimba. Kwa sababu hiyo kila kitu, yaani chakula, chupa, mbegu na vyombo, hakina budi kutakaswa kabisa, na chupa ifungwe hadi miche iwe mikubwa.

Chakula chenyewe hupikwa kama uji mwepesi. Kwa lita moja ya maji safi ya mvua hutiwa sukari ya kawaida gramu 20, aga gramu 8, na chumvichumvi zilizokwisha kuchanganywa kwa kazi hii, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kipimo cha pH kiwe kati ya 5 na 5.5. Aga ni unga utokanao na mwani, nao ndio unaogandisha chakula. (Mwani unaolimwa Unguja na Pemba hautoi aga bali karajinani, kwa hiyo asiwepo mjumbe wa kudhani kwamba gharama hiyo itaepukwa kwa kuagiza gunia la mwani kutoka huko.) Wapo wanaoongeza ndizi mbivu iliyopondwa au maji ya nazi, hasa miche inapohamishiwa chupa ya pili.

Chakula kikiisha kuyeyuka humiminwa katika chupa za kioo hadi kina cha sentimita 2 hivi, kisha chupa huwekwa ndani ya sufuria ya shinikizo kwa dakika 20, kwa nguvu ya ratili 15 kwa inchi ya mraba. Hapo joto hufika nyuzi 121 za Selsiasi. Kuchemsha katika sufuria ya kawaida hakutoshi, kwa kuwa baadhi ya bakteria hujifungia ndani ya ganda gumu na kuyastahimili maji yachemkayo. Vyama vya nyanda za juu vizingatie jambo moja ambalo vitabu vingi havilitaji: mahali palipoinuka, kama Mbeya au Njombe, uzito wa hewa ni mdogo, na shinikizo lile lile la sufuria hutoa joto pungufu. Yafaa kuongeza muda hadi dakika 30.

Kwa anayeanza, tunda bichi ni bora kuliko mbegu kavu. Tunda likiwa limekomaa lakini halijapasuka, mbegu za ndani ni safi zenyewe. Kinachotakaswa ni ganda tu. Huoshwa kwa sabuni, huloweshwa katika dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kisha hupanguswa kwa spiriti. Mbegu kavu ni lazima ziloweshwe zenyewe kwa dakika 10 hivi katika klorini iliyozimuliwa, sehemu moja kwa tisa za maji, na kusuuzwa kwa maji yaliyotakaswa. Ukizidisha muda kiini hufa. Kazi hufanyika ndani ya sanduku la kioo lenye matundu mawili ya kupitishia mikono, katika chumba kisicho na upepo. Moto usiwashwe ndani ya sanduku lenye mvuke wa spiriti.

Baada ya wiki kadhaa, au miezi katika aina nyingine, mbegu huvimba na kuwa vidonge vya kijani. Ndipo majani na mizizi hufuata. Miche ikisongamana huhamishiwa chupa mpya kwa usafi ule ule. Kwa kawaida huchukua kama mwaka mmoja au zaidi kabla ya kutolewa nje, na miaka mingine kadhaa kabla ya ua la kwanza. Kutoa nje nako kuna vifo vyake. Mche uliolelewa katika unyevu wa chupa una majani laini yasiyoweza kuzuia maji yake; ukiwekwa juani hunyauka siku hiyo hiyo. Aga yote ioshwe mizizini, miche ikae kivulini chini ya kifuniko cha plastiki, na kifuniko kifunuliwe kidogo kidogo kwa majuma kadhaa.

Sasa hesabu. Tuseme chama kimepanda chupa 40, na chupa 12 zikaota ukungu. Kosa litendekalo kwa wepesi ni katibu kuandika chupa 28 zilizobaki kama mali, kwa bei ya miche itakayouzwa miaka mitatu baadaye. Huo si uhasibu, ni matumaini. Ziandikwe kwa gharama zilizotumika tu. Kila chupa ipewe namba, na daftari lionyeshe tarehe ya kupandwa, mmea mama na hali yake kila mwezi. Chupa iliyoharibika ifutwe kwa saini za watu wawili. Chama kikiona kwamba zaidi ya nusu ya chupa zimeharibika katika upandaji wa kwanza, kisiongeze chupa. Kitafute kwanza uchafu unaingilia wapi.

Safu ya mmea mama ina umuhimu wa pekee. Katika Nyanda za Juu Kusini, viazi vya okidi za ardhini vimechimbwa na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyakadiria mavuno hayo kwa mamilioni ya viazi kwa mwaka. Uwanda wa Kitulo, wenye okidi za aina nyingi, ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES wa mwaka 1973, na zilizotolewa porini haziuzwi nje bila kibali. Lakini miche ya aina zilizo katika Orodha ya Pili ya mkataba huo, ikisafirishwa ndani ya chupa zilizotakaswa, haidaiwi kibali cha CITES, ingawa cheti cha afya ya mimea na masharti ya nchi inayopokea hubaki pale pale. Okidi za ardhini kama zile za Kitulo ni ngumu kuotesha, na nyingi hudai giza au kuvu wake. Chama kianze na zile za mitini. Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia, ni mfano mzuri, mradi tunda litokane na mmea ambao chama kinaweza kuonyesha kuwa ulipatikana kihalali.