Komba wa Mgunga na Mkaa Wetu

Nani kati yetu watu wa pwani asiyemjua komba? Ukilala Malindi, Lamu au Unguja katika nyumba iliyo jirani na minazi, hapana budi usiku utamsikia akilia kama mtoto mchanga aliyeachwa nje. Waingereza kwa sababu hiyo wakampa jina lenye maana ya mtoto wa msituni. Sisi tunamjua zaidi kwa tabia yake ya kukiendea kibuyu cha mgema na kuyanywa tembo yaliyomo, na ndiyo maana mtu akizidiwa na ulevi huambiwa kalewa kama komba. Mnyama hana sheria wala hana hesabu, kwa hivyo tumsamehe.

Walakini mimi nilikuwa nikidhani komba ni huyo mmoja tu, mpaka nilipokwenda Garissa kumtazama jamaa yangu aliyeoa huko. Usiku wa kwanza, baada ya sala ya isha, tulikaa juu ya jamvi chini ya mgunga uliomo uani kwa mkwewe, mzee wa Kisomali, tukinywa chai ya maziwa ya ngamia. Mara nikaona juu ya tawi macho mawili mekundu kama makaa. Nikamulika kurunzi.

"Mzee, ni paka yule?"

"La, mwanangu, ni komba," akanijibu. "Komba wenu ni mnene. Wa kwetu hana cha kumnenepesha."

Kweli, alikuwa mdogo mno. Komba mkubwa wa pwani huweza kukaribia kilo moja, lakini huyu wa nyika uzito wake ni kiasi cha gramu 200 tu, kama mayai manne ya kuku. Mwili wake haufiki shubiri moja, na mkia, ulio mweusi kuelekea nchani, unaupita mwili kwa urefu. Makao yake ni nchi kavu ya migunga kuanzia mto Tana kwenda Garissa, Wajir na Mandera, hata Somalia na kusini mwa Ethiopia. Mtaalamu wa Kiingereza aitwaye Oldfield Thomas ndiye aliyemwandika katika vitabu vya elimu ya wanyama mwaka 1901, lakini wachungaji walikuwa wakimjua zamani za kale.

Nilimtazama akiruka. Hakutambaa wala hakukimbia. Alijikunja kama kamani, na kufumba na kufumbua alikuwa katika tawi jingine. Jamaa yake mmoja, komba mdogo wa Afrika, amewahi kupimwa akiruka kwenda juu zaidi ya mita 2 kutoka pale alipokaa. Siri yake ni mifupa mirefu ya miguu ya nyuma na misuli yenye nguvu ya mapaja. Masikio yake huyakunja kama mtu akunjavyo mwavuli ili yasichomwe na miba. Na kwa kuwa macho yake makubwa hayazunguki sana katika matundu yake, hukigeuza kichwa hata akatazama mgongoni.

Chakula chake ni wadudu, na kinachomwokoa wakati wa ukame ni ulimbo wa mgunga. Meno yake ya mbele ya chini yamepangika kama chanuo. Kwa hayo huuparura ulimbo uliogandia gomeni, na kwa hayo hayo huchana manyoya yake. Katika lugha yetu kukomba ni kukwangua chombo hata kisibaki kitu, basi jina hilo linamkaa sawasawa.

Jambo la ajabu ni kuwa huko Australia, ng'ambo ya bahari yetu hii hii ya Hindi, yuko mnyama anayefanana naye, ilhali hawana udugu wa karibu. Naye ni mdogo, ana macho makubwa, hutoka usiku, na hula wadudu na ulimbo wa migunga ya kwao. Ila yeye ni katika wale wanyama wenye mfuko tumboni, kama kangaruu. Mtoto wake huzaliwa akiwa kama punje, akaingia mfukoni na kukaa humo kiasi cha siku 70. Tena ana ngozi iliyotandikwa ubavuni kutoka mkononi hadi mguuni. Akijitupa kutoka juu ya mti huikunjua ngozi hiyo, akaelea hewani kama tiara, na huweza kufika mita 50 kabla ya kutua.

Komba wa Garissa hakupewa ngozi hiyo wala mfuko. Mama humchukua mwanawe kwa mdomo, akamwegesha katika tawi lenye majani, akaenda kutafuta riziki, kisha akarudi kumchukua. Huko Uganda, Kongo na Tanzania wako wanyama wa jamii ya panya wanaoelea hewani vilevile, wenye magamba chini ya mkia, lakini hao wanataka misitu ya miti mirefu. Mgunga wa nyikani ni mfupi. Anayetaka kuelea hana pa kuanzia. Basi Mwenyezi Mungu amempa kila mmoja kinachomfaa mahali pake: huyu ngozi, na huyu miguu.

Lakini miguu nayo ina mpaka wake. Usiku wa pili nilimwona yule komba amefika ncha ya tawi, akatazama mbele, akasita. Upande ule, kwa jirani, palikuwa na visiki vitatu vilivyokatwa karibuni kwa ajili ya mkaa. Mti uliofuata ulikuwa mbali. Komba akashuka chini, akaanza kudunda mchangani kama chura, na paka wa nyumba akainama kumvizia. Mzee akamtupia paka kiatu. Komba akafika.

"Usiku mmoja sitakuwapo," mzee akasema.

Ndipo aliponieleza habari iliyokuwa ikimkera. Kutoka mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila ya mvua ya kutosha. Mifugo ilikufa nyika nzima, na mbuzi wake wengi walikuwamo. Halafu mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya gharika, na mto Tana ukafurika. Mtu aliyepoteza mifugo yake hubakiwa na mti. Mchuuzi wa mkaa alikuwa amekwisha kuja kuupima kwa macho mgunga ule tuliouketia, naye mzee alimwambia arudi baada ya Ijumaa.

"Nikiukata nitapata magunia machache," akasema. "Tutakula mwezi mmoja. Mwezi wa pili nitakaa wapi?"

Sikuwa na jibu, kwani nami nilikuwa mshitakiwa. Nyika hiyo ya kaskazini mashariki ndiyo itoayo ubani na manemane, na gundi ya mgunga wanayoikusanya akina mama na wachungaji wakaiuza. Ubani huo sisi huutia katika chetezo, juu ya mkaa, wala hatuulizi mkaa umetoka katika mti gani. Mwaka 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliupiga marufuku mkaa wa Somalia usiuzwe nchi za nje, lakini miti haijui mpaka wa nchi.

Siku ya Jumamosi mchuuzi alirudi. Mzee akamwonyesha kando ya njia, mahali palipojaa mathenge. Mti huo si wa asili yetu. Umetoka Amerika, na mwaka 1973 ulipandwa Bamburi, hapo hapo Mombasa, kuyafufua machimbo. Miaka ya themanini ukapandwa Bura na Hola, na tangu hapo umeenea ukayasonga malisho na njia za maji. Mkaa wake unawaka vizuri.

"Ana miba," mchuuzi akalalamika.

"Na mgunga je, hauna?" mzee akamjibu. "Huo kata wote, wala sitaki senti. Huu wangu una mpangaji."

Mchuuzi akaondoka na shoka lake akinung'unika. Sikusikia kama alikwenda kwenye mathenge ama kwa jirani.

Komba huyu hayumo katika orodha ya wanyama wanaokaribia kutoweka. Chini kidogo, katika misitu ya mto Tana, wako mbega wekundu ambao hawapatikani popote pengine duniani, nao wamo hatarini mno. Tusingoje komba naye aandikwe humo. Tangu chuoni tunasikia kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila ya chakula. Anayemkatia komba mti wake naye amemfungia chakula.

Basi, ndugu msomaji, utakaponunua mkaa wa chetezo chako, muulize mwenye duka ni mkaa wa mti gani. Akikuambia mathenge, nunua kwa moyo mweupe.