Afya kazini: habari inaishia Awendo, Nyatike wanasubiri

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na kamati ya usalama na afya, na mahali pa kazi pakaguliwe kila mwaka. Kwa mfanyakazi wa kaunti ya Migori au Homa Bay, hakuna habari ya afya iliyo bora kuliko ripoti ya ukaguzi huo, maana inazungumzia mashine anayoisimamia yeye, kelele anayoisikia yeye na vumbi analolivuta yeye. Ikifungiwa kabatini haimfai mtu. Meneja anayetaka kuanzisha mpango wa afya aanze hapo, kabla ya kumsikiliza muuzaji wa mazoezi ya viungo na semina za lishe.

Semina hizo zimeshapimwa. Nchini Marekani watafiti walifuatilia takriban wafanyakazi 33,000 wa kampuni moja ya maduka makubwa, baadhi ya matawi yakiwa na mpango wa afya na mengine yakiwa hayana. Matokeo yalichapishwa 2019. Baada ya mwaka mmoja na nusu, waliokuwa kwenye mpango walisema wanafanya mazoezi zaidi na kuangalia uzito wao, lakini shinikizo la damu, gharama za matibabu na siku za kukosa kazini havikuonyesha tofauti ya maana.

Linganisha na kilichotokea Nikaragua, ambako wakata miwa walikuwa wakiharibikiwa figo wangali vijana kwa kufanya kazi nzito juani. Zilipowekwa ratiba za maji, kivuli na mapumziko ya lazima, madhara kwa figo yalipungua. Hapo kilichobadilishwa ni kazi yenyewe. Kiwanda cha sukari cha Sony kule Awendo, kilichokodishwa kwa mwekezaji binafsi mwaka 2025, na kile cha Ndhiwa vinategemea watu wanaokata miwa kwa panga kwenye jua hilohilo. Huu ndio wakati wa kuuliza ni nani anayewapelekea maji shambani na saa ngapi wanaruhusiwa kupumzika.

Lakini kiwanda angalau kina mwenyewe. Riziki kubwa ya kaunti hizi mbili haina ofisi wala idara ya wafanyakazi, na hilo linaonekana wazi kabisa kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyatike, Migori, kuanzia Macalder hadi Osiri. Mawe hutolewa shimoni, yakapondwa, yakasagwa mpaka yakawa unga. Unga huo huoshwa kwenye karai pamoja na zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu, na wengi wa wanaoosha ni akina mama. Zebaki hunasa dhahabu, donge likakamuliwa kwa kitambaa, kisha likachomwa juu ya makaa hadi zebaki yote ipae. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, ukafika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito ukamfikia mtoto tumboni. Mikono huanza kutetemeka na kumbukumbu kupungua polepole kiasi kwamba mtu hana sababu ya kuyahusisha hayo na karai lake.

Vumbi la mawe nalo lina balaa lake. Chembe zake ndogo hupita kwenye leso iliyofungwa puani, zikaacha makovu kwenye mapafu na kukirahisishia kifua kikuu njia. Kulowesha mawe kabla ya kuponda hupunguza vumbi hilo. Kuchomea dhahabu kwenye chombo kilichofunikwa, chenye bomba la kupoza mvuke, huirudisha zebaki itumike tena. Mchimbaji aliyeinunua kwa fedha yake ana faida hapo, mbali na afya. Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2013 na kuuridhia miaka kumi baadaye. Mkataba unadai mpango wa afya kwa jamii za wachimbaji, na mpango huo hauna maana usipomfikia mama aliyeinama juu ya karai.

Kwamba unaweza kumfikia, fuo za Homa Bay zimekwisha kuonyesha. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulipata kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya watano katika kaunti hiyo alikuwa na virusi vya Ukimwi, na biashara ya samaki, pamoja na jaboya inayomlazimu mwanamke kulala na mvuvi ili apate mzigo, ilikuwa sehemu ya chanzo. Upimaji ulipelekwa hadi ufuoni, hata usiku, kwa kufuata saa za mvuvi badala ya saa za zahanati.

Tangu 2023 serikali imesajili wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini na kuwapa mikoba yenye kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari mwilini. Wao hupita nyumba kwa nyumba. Nyatike, mchana, watu wako kwenye visagio na mashimo. Serikali za kaunti zinaweza kubadilisha ratiba ya wahudumu hao bila sheria mpya: wawe kisagioni asubuhi, wawe Mbita na Muhuru mitumbwi ya omena inapotia nanga, na kila mmoja afundishwe dalili za sumu ya zebaki na za vumbi la mawe, ajue pia ni hospitali gani ya kumpeleka mgonjwa.