Eleroni ya kujitengenezea: upepo unakandamiza gari kilo ngapi?

Kolwezi haikosi watu wenye kujua kuchomelea chuma. Muji umejengwa juu ya migodi, na si vigumu kupata fundi mwenye poste ya kusude, diske ya kukata, na vipande vya tole vilivyobaki kwenye kazi ingine. Njo maana kijana mwenye kupenda mashindano ya gari, akitaka bawa la nyuma, lile ambalo watu wanaita eleroni, haoni sababu ya kuagiza Dubai. Siku mbili tatu linatosha. Swali ni kama lile bawa linafanya kazi, ao ni pambo tu lenye kuongeza uzito. Na swali la pili, ambalo watu hawaulizi sana: litabaki mahali pake?

Bawa la gari ni sawa bawa la ndege lililogeuzwa, tumbo juu, mugongo chini. La ndege linainua, la gari linakandamiza. Upepo ukipita unatupwa kuelekea juu, na kwa kuutupa vile bawa lenyewe linasukumwa chini. Mutu aliyewahi kutoa mkono kwenye dirisha la gari yenye kwenda anaijua ile nguvu: kiganja kikiinama kidogo tu, mkono unashuka wenyewe.

Faida ni kwamba mapine yanashika chini zaidi kwenye kona na wakati wa freni. Kuna wenye kusema, basi tuweke mifuko ya mchanga ndani ya kofri, itakuwa kitu kimoja. Hapana. Mchanga unakandamiza mapine, kweli, lakini kwenye kona nao unavuta gari kwenda nje, na kwenye freni unaisukuma mbele. Upepo unakandamiza bila kuleta ule uzito.

Sasa hesabu. Nguvu ya upepo inafuata mraba wa vitesi: vitesi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Tuchukue bawa la kawaida la kujitengenezea, urefu metre 1,4 na upana santimetre 25, lenye umbo zuri lakini si la ajabu. Hapa Kolwezi, kwa kilometre 60 kwa saa, litakandamiza karibu kilo 5. Kilo tano! Ni uzito wa mufuko mudogo wa unga. Kwa kilometre 120 ni karibu kilo 21, na kwa 180 ni karibu kilo 47. Ile ya 60 kwenye gari ya kilo 1000 shofere hawezi hata kuisikia.

Kuko jambo lingine ambalo watu wa uwanda wa juu wanapaswa kulijua. Kolwezi iko juu ya metre 1400 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi, karibu asilimia 15 chini ya ile ya Mombasa ao Matadi. Bawa lilelile, vitesi ileile, linapoteza kiasi kilekile. Na motere nayo inapumua ile hewa nyepesi, kwa hiyo hasara ni mbili.

Hii inaeleza kwa nini magari ya otokrosi yenye kuruhusiwa mabawa yanabeba mabawa makubwa kama mlango. Otokrosi ni mashindano mafupi ya kupigana na saa: Kenya wanaifanya kwenye udongo, Marekani kwenye parkingi kubwa, kati ya koni za plastiki. Vitesi ni ndogo, kona ni nyingi. Mutu hawezi kuongeza vitesi, basi anaongeza eneo la bawa. Bawa la metre 1,8 kwa santimetre 60, lenye vipande viwili vilivyofuatana, linaweza kutoa kilo 40 na zaidi kwa kilometre 80 tu. Linaonekana kama muchezo, lakini hesabu inalitetea. Kile kibawa kidogo cha plastiki kilichobandikwa juu ya kofri ya taksi, chenyewe hakina wa kukitetea.

Namna ya kulijenga haifichwi. Fundi anakata mbavu za tripleksi zenye umbo la bawa, anazipanga juu ya bomba moja ao mawili ya aluminiumu, kisha anazifunika na tole ya aluminiumu ya milimetre 1 iliyofungwa na riveti. Upande wa chini njo wenye kazi kubwa, kwa hiyo mukunjo wake unapaswa kuwa laini, bila donge ao pengo. Ukingo wa nyuma uwe mwembamba. Kwenye ncha mbili kunawekwa bamba la kusimama, ili upepo usikimbie pembeni. Mutu asidanganywe na utajiri wa Lualaba: shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko aluminiumu, haina kazi hapa.

Pembe ya bawa inaanza kidogo, digrii 5 hivi. Wengi wanalisimamisha sana wakifikiri litakandamiza zaidi, lakini bawa la kipande kimoja likifika karibu digrii 15 upepo unaachana na upande wa chini. Linabaki kuvuta gari nyuma tu, kama ubao. Kuko dawa ya bei ndogo. Mwaka wa 1971 Dan Gurney wa Marekani alifunga kipande kidogo cha chuma cha kusimama juu ya ukingo wa nyuma wa bawa, na gari ikashika zaidi kwenye kona. Kwa bawa la santimetre 25, kipande cha aluminiumu chenye umbo la L, kimo milimetre 5 mpaka 10, kinatosha.

Urefu wa kulisimamisha nao ni jambo. Nyuma ya kioo cha gari ya kawaida upepo umeshavurugika. Bawa lililofichwa pale halipati kitu. Linapaswa kupanda karibu na usawa wa paa. Na likikaa nyuma ya magurudumu ya nyuma, linafanya kama bembea ya watoto: linakandamiza nyuma na kuinua mbele kidogo. Gari inakuwa tulivu kwenye njia nyoofu lakini inakataa kukata kona. Dawa yake ni ubao wa chini ya pareshoki ya mbele, tripleksi ya milimetre 12 yenye kutokea mbele santimetre 5 ao zaidi, iliyoshikwa na vyuma viwili kutoka juu. Fundi mwenye kuuamini anasimama juu yake na miguu miwili. Ukivunjika pale, afadhali pale.

Na hapa njo kwenye swali la kubaki mahali pake. Tole ya kofri ni nyembamba, mara nyingi haifiki milimetre 1. Buloni nne zilizopita ndani ya ile tole peke yake zitaichana, si siku ya kwanza, lakini baada ya mitikisiko mingi. Miguu ya bawa inapaswa kushuka mpaka kwenye shasi, ao angalau kuwa na bamba nene la chuma chini ya tole. Jaribio lake ni rahisi: bawa lenye kutegemewa kutoa kilo 47 linabebeshwa mifuko miwili ya simenti ya kilo 50 gari ikiwa imesimama, kisha linasukumwa mbele na nyuma kwa mikono. Likipinda ao kulia, halijawa tayari.

Historia ya mashindano ilijifunza hili kwa uchungu. Mwaka wa 1966 Jim Hall wa Texas alileta gari ya Chaparral 2E yenye bawa refu juu ya miguu myembamba, na baada ya muda mufupi wote wakaiga, hata kwenye Formula 1. Tarehe 4 Mei 1969, kule Montjuïc, Barcelona, mabawa ya Lotus mbili, ya Graham Hill na ya Jochen Rindt, yalivunjika katika mashindano yaleyale. Magari yote mawili yaligonga vizuizi, Rindt akaumia. Mwezi uleule yale mabawa marefu yalikatazwa. Wale walikuwa na mainjinia. Na bawa lenye kukatika haliulizi kama aliye nyuma ni mushindani ao mama mwenye kuuza maandazi kando ya njia. Kulijaribu kwenye barabara ya kwenda Nzilo, katikati ya pikipiki na malori, ni hatari kwa watu ambao hawakuomba kushindana na mutu. Jaribio linataka uwanja uliofungwa.

Kujua kama kazi imefanikiwa hakudai mashini. Nyuzi fupi za sufu zinabandikwa na skochi juu na chini ya bawa, na mwenzake kwenye gari ya pembeni anapiga video na simu. Uzi wenye kulala nyoofu unaonyesha upepo umeshika. Wenye kuruka ovyo unaonyesha umeachana.

Kipimo kingine ni mupira mwembamba wa plastiki, kama ule wa serumu, uliokunjwa kama U na kuwekwa maji yenye rangi. Ncha moja inapelekwa mbele ya radiateri, ingine nyuma yake. Tofauti ya kimo cha maji njo nguvu yenye kusukuma hewa ndani ya radiateri. Kwa kulinganisha, upepo mzima wa kilometre 100 kwa saa hapa Kolwezi unasukuma maji karibu milimetre 41. Fundi akiona milimetre 5 tu kwenye radiateri, hewa inapita pembeni, na kabla ya kufikiria bawa lolote anapaswa kuziba mapengo ya kando kwa vipande vya tole, juu ya motere yake.