Hamu ya Kale na Maisha ya Familia katika Manga ya Chibi Maruko-chan

Chibi Maruko-chan ni manga ya Momoko Sakura (1965–2018), iliyoanza kuchapishwa mwaka 1986 katika Ribon, jarida la manga la wasichana nchini Japani. Mandhari yake ni Shimizu, mkoani Shizuoka, katika miaka ya 1970. Mhusika mkuu, Maruko, ni mwanafunzi wa darasa la tatu anayeishi na wazazi, dada yake mkubwa, babu na bibi. Visa vyake ni vya kawaida: kazi za shule zilizoahirishwa, ugomvi wa ndugu, mlo wa jioni.

Katika kaya hiyo, babu Tomozo ndiye mwandani wa Maruko. Humtetea na kumdekeza. Hata hivyo, katika insha zake Sakura alikiri kwamba babu yake halisi hakuwa na upole huo. Tomozo ni taswira ya babu aliyetamaniwa.

Kauli hiyo inabainisha kwamba hamu ya kale katika manga hii si kioo cha yaliyopita. Mwandishi huhifadhi nyumba, mtaa na zama alizozijua, kisha huziba pengo la upendo lililokuwamo. Kwa hiyo, msomaji haoneshwi utoto uliokuwapo tu, bali pia ule uliostahili kuwapo.