Tabo ya zamani kwenye barabara ya Iga Barrière

Mwenye gari la zamani lenye tabo huulizwa swali lilelile kila aendako: utalirudisha kama lilivyotoka kiwandani, au utalibadilisha? Ulaya, Japani na Australia, soko ndilo linalojibu. Land Cruiser HJ61 ya nusu ya pili ya miaka ya 1980, ikiwa bado na injini yake ya 12H-T, rangi yake na viti vyake, humpata mnunuzi mapema kuliko mwenzake iliyochezewa. Nairobi nako kuna Concours d'Elegance, mashindano ya usafi na utunzaji wa magari yanayoandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, na majaji wake hawaoni haya kuchungulia hadi uvunguni.

Iga Barrière, huku Djugu mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, hakuna jaji. Kuna barabara ya kitaifa namba 27, kuna vumbi jekundu, kuna mizigo ya kufika Mongbwalu na Mahagi, na kuna sehemu za njia ambazo hakuna dereva wa Djugu anayetaka gari limzimikie. Ukikwama huko, gharama ya fundi ndiyo shida ndogo.

Ndiyo maana jibu langu halifanani na la mkusanyaji wa Ulaya, ingawa tunakutana katikati. Injini irudi kwenye vipimo vya kiwanda. Vilivyo nje ya injini vifuate barabara, mradi vinaweza kung'olewa siku moja na cha zamani kikarudi mahali pake. Na kuna injini moja yenye tabo ambayo nisingehangaika kuifufua kabisa, tutaifikia.

Tuanze na kazi ya tabo yenyewe. Wazo lake ni la zamani: Mswisi Alfred Büchi alilisajili mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye silinda bado una joto na nguvu, na badala ya kuachiwa uende zake, unapitishwa kwenye gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti na jingine la upande wa pili, linalovuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaungua vizuri, na injini ileile inatoa nguvu kubwa zaidi. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye tabo hizi za zamani haikushikwa na gololi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa, ikichafuka au ikiwa ya kughushi, shafti inasaga chuma kwa chuma.

Huku kwetu tabo ina faida ambayo mtu wa Mombasa haioni. Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kaskazini inazidi kupanda. Kwenye mwinuko huo hewa imepungua uzito kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na pwani. Dizeli isiyo na tabo hukosa pumzi, na kama pampu yake ilipimwa kwa ajili ya nchi tambarare, utaiona ikipanda mlima huku ikiacha wingu jeusi nyuma. Tabo hufidia upungufu huo. Kwa hiyo sikubaliani na wanaong'oa tabo nzima, isiyo na ugonjwa wowote, eti kupunguza matatizo. Mara nyingi huing'oa na kuiacha pampu ikimwaga mafuta yaleyale iliyopimiwa kumwaga kukiwa na tabo. Hewa imepungua, mafuta hayajapungua: moshi unakuwa mweusi, joto linapanda, na mazutu, yaani dizeli, inakwisha kabla ya safari.

Kabla ya kuamua lolote, ipime tabo iliyopo. Injini ikiwa imepoa, fungua mpira unaoleta hewa kutoka kwenye filta. Ndani utaona gurudumu la alumini na nati katikati yake. Ishike nati kwa vidole viwili uitikise kushoto na kulia: mchezo mdogo ni wa kawaida, lakini ncha za mapanga zisiguse ukuta. Kisha ivute na uisukume kwa kufuata urefu wa shafti. Hapo usisikie mchezo wowote wa maana. Halafu tazama ncha zenyewe. Kama zimekuwa butu na zimelika kana kwamba zimepigwa msasa, vumbi limekuwa likipita, na vumbi lililokula mapanga ya tabo limeendelea hadi kwenye silinda, ringi na pistoni. Katika hali hiyo, kununua tabo mpya na kuifunga kwenye injini ileile ni kutupa fedha. Fungua injini.

Ukuta wa ndani wa mpira huo pia una habari. Pitisha kidole. Ukitoka na unga mwekundu, chanzo ni klipu iliyolegea, au mpira uliopasuka chini ambako macho hayafiki, au filta ya bei rahisi isiyokaa sawasawa kwenye kiti chake. Nimeona magari yaliyotumia fedha nyingi kwenye rimu na taa, huku klipu ya filta imefungwa kwa waya.

Moshi nao usomwe kwa makini. Wa buluu ni oili inayoungua, na huenda inatoka kwenye tabo au kwenye ringi. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Mweupe usiokwisha injini ikishapata moto ni mafuta yasiyoungua au maji yanayoingia ndani, na hapo itazame silinda hedi kabla hujaitazama tabo.

Mabadiliko yanayofanywa zaidi kuliko yote hayahitaji hata kipuri kimoja: ni kuzungusha skurubu ya pampu. Gari limepoteza nguvu, fundi anaongeza mafuta, gari linakimbia, mwenye gari anafurahi. Ila mara nyingi ugonjwa ulikuwa mahali pengine. Juu ya pampu za dizeli hizi za tabo kuna kifaa chenye utando wa mpira, kinachopokea msukumo wa hewa kupitia bomba jembamba. Tabo ikisukuma, utando unabonyea na pampu inaruhusu mafuta zaidi. Baada ya miaka zaidi ya 30 utando huo hupasuka, au bomba lake hufanya ufa, na pampu haijui tena kama tabo inafanya kazi. Gari linakuwa zito. Dawa ni utando mpya au kipande cha bomba. Anayezungusha skurubu anaongeza mafuta wakati wote, hata pale ambapo hewa haijafika, na joto la moshi linapanda bila yeye kuliona.

Joto hilo ndilo linaloua, kwa sababu geji ya maji kwenye dashibodi haionyeshi kinachotokea juu ya pistoni. Anayetaka kuongeza nguvu anunue kwanza geji ya joto la moshi, kipimo chake kifungwe kabla ya tabo. Mafundi wengi wa dizeli hawataki joto hilo likae juu ya takribani nyuzi 700 za selsiasi kwa muda mrefu mlimani. Bila geji hiyo, asiguse skurubu.

Kuna mabadiliko yanayokwenda upande wa pili, nayo yanapendwa sana: kuifunga tabo injini isiyozaliwa nayo. Magari ya mashirika ya misaada na ya abiria yaliyojaa Ituri, Land Cruiser za 78 na 79, mengi yana injini ya 1HZ isiyo na tabo. Ukubwa wake ni karibu lita 4.2, sawa na 1HD-T yenye tabo iliyokuwa kwenye HDJ80 ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa jicho zinafanana. Kwa hiyo watu hudhani tofauti ni tabo tu. Sivyo. 1HZ hubana hewa takribani mara 22, wakati 1HD-T hubana takribani mara 18.6. 1HZ huanzia kuunguza mafuta kwenye chumba kidogo cha pembeni ndani ya silinda hedi, ilhali 1HD-T humimina mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Ukiishindilia 1HZ hewa zaidi, vile vyumba vidogo ndivyo vinavyobeba joto, na hedi hupasuka kuanzia hapo. Tabo ndogo yenye msukumo wa chini, pampu iliyopimwa na geji ya moshi vinaweza kuishi pamoja kwenye 1HZ. Lakini anayefunga tabo iliyookotwa sokoni bila kujua ilitoka kwenye gari gani anacheza kamari. Na 1HZ ambayo haijaguswa ina sifa moja isiyonunuliwa: kila fundi kati ya Bunia na Aru ameshaifungua.

Sasa ile injini niliyosema. Ni 2L-T, dizeli ya lita 2.4 iliyokuja kwenye Hilux Surf na Land Cruiser ndogo nyingi zilizotumika Japani. Udhaifu wa silinda hedi yake unajulikana dunia nzima: inapata moto, inapasuka, inabadilishwa, inapasuka tena. Ukiwa nayo na hedi imekwisha kupasuka, sioni sababu ya kurudisha cha asili. Watu wa Afrika Mashariki wameshapata jibu: hung'oa na kufunga 3L au 5L, ndugu zake zisizo na tabo, zilizojaa kwenye Hiace. Utapungukiwa na nguvu kwenye mlima, ni kweli. Lakini vipuri vya 5L vipo, na anayeijua yupo. Hapo uaminifu kwa kiwanda unakuwa ushabiki tu, na mimi ushabiki wa namna hiyo nawaachia wenye karakana ya joto na gari la pili.

Wapo wanaosema Safari Rally ilishathibitisha kwamba tabo haiogopi Afrika. Ni kweli kwamba Toyota ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986 kwa Celica yenye tabo, Björn Waldegård akiiendesha mara mbili na Juha Kankkunen mara moja. Lakini timu zile zilikuwa na magari ya huduma yaliyojaa mafundi na vipuri, na helikopta juu. Mshindi hakuwa akitafuta oili ya kuaminika sokoni, wala kununua mafuta ya madumu kwa Kadhafi, yaani mchuuzi wa mafuta wa barabarani, bila kujua yamechanganywa na nini.

Hapo ndipo mabadiliko yenye akili yanapoanza, na karibu yote yako nje ya injini. Chombo cha pili cha kutenga maji na uchafu kwenye mafuta, kifungwe kabla ya filta ya kiwanda. Snokeli yenye kichujio cha awali kichwani, ili filta ya hewa ipokee vumbi kidogo. Rejeta mpya ya ukubwa wa asili au zaidi kidogo, kwa sababu ile ya zamani imeziba nusu hata kama haivuji. Springi za nyuma kulingana na mzigo halisi unaobeba, si ule unaomwambia askari. Intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, ni nyongeza nzuri kwa 12H-T au 1HD-T, maana inapunguza joto badala ya kuliongeza. Ila mabomba yake yawe imara, maana kila kiungo kipya ni mahali pengine pa kupitisha vumbi. Hakuna kati ya hivyo kinachokulazimu kukata chasi.

Ndani ya injini, ubahili hauna nafasi. Kwenye 1HD-T za miaka ya mwanzo, beringi za konrodi zina sifa mbaya ya kulika mapema; ukinunua moja leo bila historia, ondoa sampu, zitazame na uzibadilishe kabla hazijaongea. Nozeli na pampu zipelekwe kwa mwenye mashine ya kupimia, hata kama ni safari ya Kampala. Tabo inaweza kufanyiwa matengenezo kwa beringi na sili mpya ikiwa mapanga na nyumba yake ni vizima. Kisekka, soko la vipuri la Kampala, lina tabo nyingi zilizotumika, lakini linganisha namba ya kibao chake na yako, maana tabo mbili zinazofungwa kwa bolti zilezile huweza kuwa na mapanga ya vipimo tofauti. Badilisha pia bomba la kuleta oili kwenye tabo. Bomba la zamani huwa limejaa masizi ya oili iliyoungua, na tabo mpya iliyofungwa kwenye bomba lililoziba haimalizi mwezi. Baada ya mlima mrefu, dereva aache injini iungurume polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzima, oili ipate kuipoza shafti.

Ukiamua kubadilisha injini nzima, namba yake iingie kwenye carte rose, yaani karatasi ya usajili wa gari, wiki hiyohiyo, na risiti ya ile uliyonunua ikae ndani ya gari. Namba ya injini isiyolingana na karatasi ni mazungumzo marefu kwenye kila kizuizi. Na kama iliyotoka ni 12H-T, hata ikiwa imekufa, usiiuze kwa uzito wa chuma: bloku, krenki na nyumba ya tabo vinatafutwa na wenye HJ61 hadi nje ya Afrika.