Bei ya Risasi na Amana ya Wanyama wa Mwitu

Kaskazini ya mji wa Phoenix, katika jimbo la Arizona huko Marekani, upo uwanja wa kulenga shabaha uitwao Ben Avery, ulioenea juu ya ardhi ya ekari zipatazo 1,650, ambako raia, awe mwindaji au asiwe, hulipa kiingilio akaingia na bunduki yake au upinde wake, akajizoeza mbele ya macho ya wasimamizi. Uwanja huo si mali ya jeshi wala ya polisi. Unaendeshwa na idara ya jimbo ya wanyama na samaki, idara ile ile inayohesabu kulungu milimani na kuwawekea kondoo-mwitu maji jangwani. Msomaji wa kwetu, aliyezoea kusikia askari wa wanyamapori wakimfukuza mwenye bunduki usiku na mchana, hana budi kustaajabu, na kuuliza imekuwaje hata hazina ya kuhifadhi viumbe hai ikajenga mahali pa kulipulia baruti. Jawabu limo katika sheria moja ya mwaka 1937, ambayo kwa maoni yangu yastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna fadhila kubwa na hatari pia.

Ilipokwisha karne ya 19, Wamarekani walikuwa wamejionea maafa yaliyoletwa na uroho wa soko la nyama na ngozi. Nyati wa mbuga zao, waliokuwa mamilioni, walikuwa wamebaki mamia. Kulungu na bata mzinga wa mwitu walikuwa wametoweka katika sehemu nyingi. Na njiwa wahamaji, ambao makundi yao yalikuwa yakilifunika jua, walifikia tamati siku ya tarehe 1 Septemba 1914, alipokufa yule wa mwisho, aliyepewa jina la Martha, katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Ikaja miaka ya 1930 pamoja na ukame na tufani za vumbi, vinamasi vikakauka, na fedha zikawa adimu katika kila idara. Ndipo Jay Darling, mchora katuni wa Iowa ambaye Rais Franklin Roosevelt alikuwa amempa uongozi wa idara ya taifa iliyoshughulikia wanyama, alipohimiza mkutano mkuu wa Februari 1936 mjini Washington, ili wawindaji, wakulima na wataalamu waseme kwa kauli moja. Harakati hizo zilizaa sheria iliyoletwa na Seneta Key Pittman wa Nevada na Mbunge Willis Robertson wa Virginia, na Roosevelt akaitia sahihi tarehe 2 Septemba 1937.

Sheria hiyo ilisimama juu ya ushuru wa silaha. Ushuru wenyewe haukuwa mpya, kwani bunduki na risasi zilianza kutozwa mwaka 1919, na mapato yakawa yakimezwa na hazina kuu bila ya mtu kujua yamefanya nini. Jipya lilikuwa ni kuyatenga mapato hayo kwa kasidi moja tu. Leo watengenezaji na waagizaji hulipa asilimia 11 juu ya bunduki ndefu, risasi na pinde, na asilimia 10 juu ya bastola, na bila shaka mzigo huo humfikia mnunuzi katika bei. Serikali kuu huyagawia majimbo fedha hizo kwa kutazama ukubwa wa ardhi na idadi ya wenye leseni za kuwinda. Na jimbo likitoa robo ya gharama ya kazi iliyokubaliwa, serikali kuu hutoa robo tatu. Katika baadhi ya miaka ya karibuni mgao umepita dola bilioni moja kwa mwaka.

Lakini kufuli ya hazina hii, nayo ndiyo ninayoithamini kuliko yote, ni ile ibara isemayo kwamba jimbo halitapata hata senti ila liwe limepitisha sheria yake lenyewe kwamba ada za leseni zilipwazo na wawindaji hazitatumika kwa jambo jingine lolote isipokuwa kazi za idara yake ya wanyama na samaki. Robertson, aliyekuwa amewahi kuongoza tume ya wanyama ya jimbo lake, alijua vema jinsi magavana wanavyonyosha mikono penye fungu lisilolindwa. Kwa ulinzi huo, pamoja na sheria kali za uwindaji, ardhi ilinunuliwa, wataalamu wakaajiriwa, wanyama wakahamishwa kutoka palipo na wingi kwenda palipo na uhaba; na kulungu wenye mkia mweupe, waliokuwa wamesalia laki kadhaa mwanzoni mwa karne ya 20, sasa wanakadiriwa kuwa takriban milioni 30.

Viwanja vya shabaha viliingia baadaye. Bunge lilipouingiza katika hazina hii ushuru wa bastola mwaka 1970, na wa pinde mwaka 1972, liliruhusu nusu ya mapato ya silaha hizo yatumike kuwafunza wawindaji adabu na usalama, na kujenga viwanja vya kujizoezea. Kisha, tarehe 10 Mei 2019, ilitiwa sahihi sheria nyingine iliyolegeza masharti zaidi: jimbo laweza kutenga hadi asilimia 10 ya mgao wake wa wanyama kwa kununua ardhi ya uwanja, kuupanua au kuujenga, likatoa sehemu moja tu ya kumi ya gharama badala ya robo, na likapewa miaka mitano ya kuzitumia fedha hizo.

Je, ni haki? Mimi naona ni haki, kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya ushuru huu sasa hutoka kwa watu wasiowinda kabisa, wanaonunua silaha kwa kujilinda au kwa mchezo wa shabaha; na si insafu kumtoza mtu mwaka baada ya mwaka kisha kumnyima hata mahali pa kusimama. Pili, asiye na uwanja huenda porini, kwenye ardhi ya umma, akapiga chupa na mawe, akaacha maganda na takataka, na wakati wa kiangazi cheche moja yatosha kuteketeza nyasi na miti iliyokuwa makao ya wanyama wale wale tunaotaka kuwahifadhi. Kiwanja chenye ukingo wa udongo na msimamizi mwenye ilimu huokoa maisha ya watu, na huupunguzia msitu adha.

Hata hivyo, haki ya mlipaji isije ikaifuta haki ya mnyama, ambaye hana kura wala wakili. Risasi hufanywa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani yenyewe iliyapiga marufuku marisau ya madini hayo nchini kote mwaka 1991 katika uwindaji wa mabata, baada ya kubainika kwamba ndege walikuwa wakiyameza vinamasini na kufa. Basi kiwanja kijengwe mbali na maji, na udongo wake uchekechwe mara kwa mara ili madini hayo yaondolewe. Na idara inayopuuza jambo hilo itakuwa inakula fedha za ndege huku ikiwaua ndege. Fauka ya hayo, fedha za urejeshaji wa wanyama chini ya sheria hii ni kwa ajili ya ndege na wanyama wanyonyeshao tu. Chura, kobe na nyuki hawana fungu humo. Hazina ambayo tayari imewaacha viumbe wengi nje ya mlango haiwezi kuwa karimu kupita kiasi kwa binadamu. Serikali kuu inapokubali kubeba tisa ya kumi ya gharama ya kiwanja, na robo tatu tu ya gharama ya kinamasi, mkuu wa idara mwenye bajeti finyu hushawishika kuchagua kilicho rahisi badala ya kilicho bora. Ndiyo maana nauona ule mpaka wa asilimia 10 kuwa ni hekima isiyopasa kuguswa.

Liko pia jambo la kutia wasiwasi katika chimbuko lenyewe la mapato. Watu hununua silaha kwa wingi zaidi wanapoingiwa na hofu, ama ya wahalifu, ama ya sheria mpya. Kwa hiyo mnyama wa mwitu hunufaika na khofu ya binadamu, na khofu hiyo ikitulia, fungu lake hupungua. Na mwaka 2022 Mbunge Andrew Clyde wa Georgia aliwasilisha mswada wa kuufuta ushuru huu, kwa hoja kwamba unaitoza haki ya katiba. Mswada haukupita, lakini ulidhihirisha kwamba mkataba wa miaka 85 waweza kutikiswa wakati wowote walipaji wanapoona kuwa wanatoa bila ya kupata. Hapo tena kiwanja cha shabaha kina maana yake: humkumbusha mlipaji kwamba naye ni mshirika.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tumepita njia nyingine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huuruhusu kwa vibali. Na katika nchi zote mbili wanyama hutegemea sana fedha za wageni wanaokuja kuwatazama, au kuwawinda kule kunakoruhusiwa. Sisemi kwamba tujenge viwanja vya shabaha, wala kwamba tuige ushuru wa watu ambao wana bunduki nyingi majumbani mwao kuliko taifa jingine lolote. Nasema tuichukue ile kufuli. Kila shilingi inayotozwa kwa jina la tembo au kifaru na iandikiwe sheria ya kuilinda isihamishwe, igawanywe kwa kanuni inayojulikana na kila mtu, na ikaguliwe hadharani. Na kijiji kinachopakana na hifadhi, ambacho hulipa kwa mazao yaliyoliwa na kwa ng'ombe walioraruliwa, kitambuliwe kuwa ni mlipaji mwenye haki ya kurudishiwa, kama alivyotambuliwa yule mlenga shabaha wa Arizona. Uhifadhi usiomrudishia kitu anayeubeba hautadumu, na uhifadhi unaomrudishia kila kitu hautakuwa umehifadhi chochote. Kazi ya sheria ni kuweka kiasi baina ya hayo mawili, kisha kusimama imara pale mikono inapoanza kunyoshwa.